Ini Langu na Sahani ya Yaya Masika

Nilirudi Butembo nikiwa na kilo mia moja na nne, na nilijivunia kila moja. Nilipoondoka, miaka kumi na minne kabla, nilikuwa kijana mwembamba mwenye mfuko mmoja wa nguo na viatu ambavyo havikuwa vyangu. Nilikwenda Kampala. Nilianza kwa kubeba friji mbovu mgongoni, nikafundishwa kuzifungua, nikajifundisha kuzitengeneza, kisha nikakaa darasani kila jioni kwa miaka mitatu hadi nikapata diploma ya ufundi wa mitambo ya baridi. Ni ya kwanza katika ukoo wetu. Iko ukutani sebuleni kwangu, nyuma ya kioo, na mgeni akikaa kwenye kiti kikubwa ataitazama hata kama hataki.

Nasema haya mapema ili ujue ni nani anayeandika. Mimi si mtu wa kuamini kila linalosemwa sokoni. Wauza samaki wa mji huu wakitaka chumba cha baridi kisichowaaibisha, wananiita mimi. Hata hivyo nilifanya ujinga uliokaribia kuniua, na nauandika kwa ajili yako wewe uliyeambiwa juzi kwamba ini lako limejaa mafuta, ukatoka nje ya hospitali ukawa hujui utamwambia nani. Mimi sikumwambia mtu. Makosa mengine yote yalizaliwa hapo.

Ilianza katika kiangazi cha Januari. Nilikuwa nikipanda kilima cha kwenda kwangu nasimama mara mbili, nikijifanya natazama simu. Chini ya mbavu za kulia kulikuwa na uzito, si maumivu hasa, kama mtu ameniwekea jiwe la kusagia na kusahau kulichukua. Nilisema ni uchovu wa kazi. Mke wangu Grâce na watoto wetu wawili walikuwa wamebaki Kampala wamalize shule, nami nilikuwa nikiishi peke yangu katika nyumba ya vyumba sita, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kwa nini nalala na viatu.

Mwezi wa pili nilikwenda hospitali. Nilikaa kwenye benchi la mbao kuanzia asubuhi hadi jua likafika utosini. Nilichokiona kwanza ni kwamba kila mtu pale alikuwa na mtu. Mzee ana binti, binti ana shangazi, shangazi ana termosi ya chai. Mimi nilikuwa na fishi yangu, karatasi ya mgonjwa, mkononi, nimeikunja kama gazeti, nimevaa koti.

Daktari aliyenipokea ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Nitamwita Daktari Neema.

“Unakunywaka, papa?”

“Kidogo.”

“Kidogo ya kweli, ao kidogo ya Butembo?”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinipaka ile dawa baridi tumboni, akapitisha mashine ya ekografi, akageuza kioo nikione.

“Hii njo ini yako. Ingepashwa kuwa na rangi ya majivu. Yako inangaa nyeupe, kama mutu aliipakaa mafuta ndani na inje. Na damu yako inaonyesha ini imekasirika.”

Kisha akaniambia la kufanya: pombe niache kabisa, mawese na vya kukaanga niviache, sukari niipunguze, nitembee kila siku, kilo zishuke polepole. Akaongeza, “Ini njo kiungo chenye kinajijengaka upya. Mupe nafasi. Nani anakupikiaka nyumbani? Kuya naye mara ya pili, nimufundishe.”

“Naishi peke yangu.”

Aliniangalia kidogo, akaandika kitu kwenye fishi, akamwita mwingine.

Sasa msomaji wa mbali lazima aelewe. Kwetu mtu aliyekwenda ng'ambo akarudi hapimwi kwa cheti. Anapimwa kwa tumbo. Niliporudi, baba mdogo Paluku, mdogo wa marehemu baba, alinipigapiga tumbo mbele ya watu wote waliokuja kunisalimu akasema, “Ile ya ukutani ni karatasi. Hii njo diploma!” Nami nilifurahi. Nilivuta shati lijibane zaidi. Je, ningewezaje kusimama mbele ya watu hao hao niseme kwamba ile diploma waliyoishangilia ni ugonjwa? Tena ugonjwa wa ini, ambao kwetu wanaugawa sehemu mbili tu: wa mlevi na wa aliyepewa sumu.

Nikaamua kuponea kimya.

Kwa miezi mitatu niliweza. Nilichemsha kabichi na maharagi bila mafuta, nikala nimesimama jikoni. Nilitembea asubuhi hadi kwenye kituo cha magari ya kwenda Beni na kurudi, nikiwa na mkoba wa vyombo vya kazi ili waniulize kuhusu kazi, wasiniulize kuhusu kutembea. Mwaliko ukija, nilisema nina friji ya kutengeneza. Kufika Juni mkanda ulikuwa umeingia matundu matatu.

Juni hiyo mjukuu wa dada yangu Masika alipata komunyo ya kwanza huko Beni, na hapo sikuweza kusema nina friji.

Masika, ninayemwita Yaya, yaani dada mkubwa, ni mzaliwa wa kwanza, mimi ni wa mwisho. Mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa, yeye alikuwa na ishirini na moja na tayari ana mume. Alinichukua nikaishi kwake Mulekera, hapo Beni, pale pale anapoishi hadi leo, ana nyumba upande mmoja wa njia na shamba la maharagi upande wa pili. Viatu nilivyoondoka navyo kwenda Kampala vilikuwa vya mume wake. Siku zile ninaposimulia jinsi nilivyojijenga mwenyewe huwa siviweki viatu hivyo ndani ya hadithi.

Baada ya misa tuliketi uani. Palikuwa na watu kama arobaini. Masika mwenyewe alinileta sahani, hakumtuma mtu. Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa inaogelea katika mawese, juu yake nyama ya mbuzi yenye ukanda wa mafuta, pembeni bugali. Akaweka na glasi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, aliyoitengeneza kwa mikono yake kwa ajili ya siku hiyo.

“Kula, mutoto wa mama. Nilikuchagulia.”

“Yaya, nimeshiba.”

“Umeshiba wapi? Si ulitoka Butembo asubuhi?”

“Nimeshiba tu.”

Kelele za karibu zikapungua. Baba mdogo Paluku alisema kwa sauti, kama mzaha, “Bakubwa ba ng'ambo banaogopa bikulia bya dada yabo!” Watu wachache walicheka, kisha wakaacha.

Kwetu kuna desturi. Anayekupa kinywaji au chakula huonja kwanza mbele yako, ili ujue hakuna kitu ndani. Kati ya ndugu haifanyiki, kwa sababu kuifanya ni kama kukiri kwamba imewahi kufikiriwa. Masika aliichukua ile glasi ya kasiksi, akanywa kidogo, taratibu, watu wote wakimwona. Akamega tonge la bugali, akalichovya kwenye sombe yangu, akala. Alitafuna muda mrefu. Kisha akanisogezea sahani tena.

Ningeweza kusema neno moja: ini. Lilifika mpaka kwenye meno. Nilimwona baba mdogo akilitazama tumbo langu lililopungua, nikawaona wake za binamu zangu wakingoja, na nikasema, “Hapana, Yaya. Wasingya, asante. Nimeshiba.”

Hakulia wala hakunitukana. Aliinua sahani, akaingia nayo ndani, na hakutoka tena hadi nilipoondoka.

Habari ilifika Butembo kabla yangu. Julai hakuna aliyenialika. Si kwamba walinichukia. Waliogopa tu kwamba nitawakatalia kama nilivyomkatalia Masika, na wao nao watalazimika kuonja mbele ya majirani. Mke wa jirani yangu, ambaye zamani alikuwa ananitumia bakuli la uji wa mtama kila Jumamosi, alianza kupita upande wa pili wa njia. Mafundi wenzangu waliagiza chai, wakaacha kuniuliza kama nataka. Nilikaa sebuleni chini ya diploma yangu nikisikiliza friji yangu inavyonguruma na kunyamaza, kunguruma na kunyamaza. Nilimpigia Masika mara nyingi. Simu iliita hadi mwisho kila mara. Grâce alipopiga kutoka Kampala nilimwambia nina malaria kidogo, inapita.

Na nilikuwa nakonda. Daktari Neema alikuwa amesema polepole, lakini mtu anayekula peke yake kwa huzuni hajui polepole ni nini. Shingo ilijitenga na kola. Pete ilianguka katika ndoo ya maji. Watu wakaanza kulitaja lile neno: karuho. Ni sumu ya taratibu, inayotajwa kwetu kila mtu anapokonda bila sababu wanayoiona. Walisema Kambale, yaani mimi, alikuwa na haki kukataa sahani. Kumbe alikuwa ameshalishwa zamani. Wengine walisema ni Masika. Yaani ukimya wangu ulikuwa umemfanya dada yangu kuwa mchawi mara mbili, mara ya kwanza nilipokataa, mara ya pili nilipokonda.

Agosti mvua zilipoanza, baba mdogo Paluku alifika kwangu kwa moto, pikipiki ya kukodi, na bidoni, dumu la njano la lita tano. Ndani kulikuwa na maji meusi yenye mizizi.

“Hii inatoka kwa mutu wa Mutwanga. Inatapishaka karuho yote. Kila asubuhi kikombe kimoja, mbele ya kula.”

“Baba mdogo, mimi sina karuho.”

“Nani amekuambia? Diploma?” Alikaa, akakunja mikono. “Kambale, mi nilitembea na moto siku mbili juu yako. Utanikatalia na mimi?”

Nilimtazama. Ni mtu wa kwanza kukaa kwenye kile kiti kikubwa kwa majuma saba. Nilijua, kama fundi anavyojua kwamba usimimine gesi usiyoijua katika mtambo usio wako, kwamba sipaswi kunywa kitu kile. Daktari alikuwa ameandika kwenye fishi, kwa herufi kubwa: hakuna dawa za miti. Lakini nilikuwa nimeshakataa sahani moja, na nilikuwa nimeona bei yake. Nikaleta kikombe. Baba mdogo akaonja kwanza, akakunja uso. Nikanywa. Alifurahi sana, akanishika bega. Niliinywa kwa wiki mbili, na kila asubuhi alikuja kuniangalia, na kusema kweli zile asubuhi nilizipenda.

Baadaye mkojo ukawa na rangi ya chai kali. Ngozi ikaanza kuwasha kama nimelala juu ya upupu. Siku moja asubuhi nikajitazama kwenye kioo nikaona macho yangu yana rangi ya ile bidoni.

Hospitalini walinipima joto mara tatu mlangoni, na muuguzi akasogea nyuma hatua mbili. Sisi wa huku hatujasahau ule mwaka wa Ebola. Daktari Neema ndiye aliyekuja, akavuta kope langu chini kwa kidole.

“Ulikunywa nini?”

Nikamwambia. Aliketi kitandani, akavua miwani.

“Papa, ulikuwa umeanza kupona. Unasikia? Ulikuwa umeanza.”

Majuma matatu. Ningeweza kukueleza sindano na vipimo, lakini utakutana navyo mwenyewe. Nitakueleza kitanda. Katika hospitali zetu mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na gadi-malade, mtu wa kumwosha, kumpikia jikoni kule nyuma, kumfulia, kukimbia labo, yaani maabara, na chupa ya damu. Chini ya kila kitanda kulikuwa na mkeka na sufuria. Chini ya changu kulikuwa na viatu vyangu. Siku ya kwanza muuguzi aliuliza, “Gadi-malade wa kitanda ya ine ni nani?” Hakuna aliyejibu. Siku ya pili hakuuliza tena. Baba mdogo alikuja mara moja, akasimama mlangoni, akaona macho yangu, akaenda zake. Simlaumu. Alinipenda kwa njia aliyoijua.

Grâce alitaka kuja. Nilimkataza; nilimwambia barabara si nzuri, ambayo ilikuwa kweli, na kwamba nina watu wengi karibu, ambayo haikuwa kweli.

Kitanda cha tano kilikuwa na sajini mwenye ugonjwa wa figo, na mke wake, Mama Bijou, mwanamke wa mkoa wa Equateur, mbali magharibi, aliyetumwa huku pamoja na mume wake, mnene, mcheshi, anayechanganya Kiswahili na Lingala bila kuomba ruhusa. Siku ya tatu aliniona nikijaribu kujiosha mgongo kwa mkono mmoja.

“Papa Diplome!” akaita, maana nilikuwa nimeshawaambia wote kuhusu diploma yangu. “Ile diploma haina mikono ya kukuosha mugongo?”

Chumba kizima kilicheka, hata sajini aliyekuwa akilia kwa maumivu. Kisha Mama Bijou akaninyang'anya kitambaa, akaniosha kama anavyoosha sufuria, bila kunitazama usoni. Tangu hapo, kila siku saa sita, aliniletea bakuli lenye mfuniko: ndizi zilizopikwa na lengalenga, yaani mchicha, chumvi kidogo, bila tone la mafuta. Wakati mwingine uji. Mwili wangu ulikuwa unatapika kila kitu, lakini ndizi zile ulizikubali. Zilikuwa laini sana na zilikuwa na ladha ya kitunguu kilichochomwa kwanza kwenye majivu. Nilimwambia Mama Bijou kwamba anapika vizuri. Alisema, “Eeh, kula tu, tika, acha maneno.”

Juma la pili nilimuuliza Daktari Neema swali lililokuwa likiniamsha. Ini lililochomwa hivi litaota tena kweli? Nilimwambia anieleze vizuri, kwa kuwa mimi nimesoma.

“Sawa, musomi,” akasema. “Ndani ya ini kuko balinzi. Ni ba kinga ya mwili. Wakiona pahali pameumia, banatuma ujumbe, tumolekuli tudogo sana. Ujumbe ile inaambia chembe zenye zilibakia: gawanyikeni, jengeni. Hata mafuta ya mwili inaitwa kidogo, juu kazi ya kujenga inataka nguvu. Wakimaliza, banapashwa kunyamaza. Tunaelewana?”

“Tunaelewana.”

“Wewe ulikuwa na mafuta mingi ndani ya ini kila siku, myaka na myaka. Balinzi hawakunyamaza. Banatuma, banatuma. Na ujumbe yenye hainyamaze haijenge tena. Inaharibia mwili namna ya kutumia mafuta, na inaleta kovu. Njo maana nilisema punguza polepole. Halafu ukawamwangia ile maji ya bidoni.”

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Katika friji kuna kifaa kidogo kinachomwambia mtambo: washa, sasa zima. Kikiharibika kikawa kinasema washa tu, mtambo hauzalishi baridi zaidi. Unaungua. Nimebadilisha vifaa hivyo kwa mamia. Nikamweleza hivyo, na kwa mara ya kwanza Daktari Neema alicheka.

“Sasa yangu inaweza kuzima?”

“Kovu yako haijakuwa nyingi. Ikizima, ini itajenga. Lakini hapana mu wiki moja. Utahesabu kwa misimu.”

Manjano yalianza kutoka machoni kwanza, ngozi ikafuata. Siku ya kuruhusiwa, Septemba inakwisha, nilimpa Mama Bijou kitenge nilichomwomba muuguzi aninunulie, nikamshukuru kwa chakula chake. Alikishika kitenge, akakigeuza, akaangalia nje ya dirisha.

“Papa Diplome, uko na akili ya mafriji tu. Mimi, mutu ya Equateur, naweza kupika ndizi ya Banande, batu ba kwenu, namna ile?”

Sikuelewa.

“Dada yako. Yule mama murefu mwenye kidonda ku kidole. Alikuwa huku nyuma ku jiko tangu siku ya tatu. Alilalaka kwa mutoto wa shangazi yenu. Kila siku anapika bila mafuta, vile muuguzi alimwambia, ananipa, anangoja nirudishe bakuli, anaangalia ndani kama ulimaliza. Alinikataza kusema. Alisema: akijua ni yangu atakataa tena, na mimi kusikia ile neno mara ya pili, sitaweza.”

“Yuko wapi?”

“Alienda jana, wakati docteur alisema macho yako imekuwa nyeupe.”

Nilikaa tena kitandani. Muuguzi alidhani nimezidiwa, akaleta kipima joto.

Ungefikiri nilipanda moto siku hiyo hiyo kwenda Mulekera. Sikupanda. Nilirudi kwenye vyumba vyangu sita. Nilimwandikia ujumbe nikaufuta. Nilijiambia nitakwenda nikiwa mzima, nikiwa na karatasi ya ekografi mkononi, kama mwanafunzi anayengoja apate alama nzuri ndipo arudi nyumbani. Mtu kama mimi hapendi kufika mikono mitupu, hata pale ambapo mikono mitupu ndiyo inayotakiwa. Wewe usifanye hivyo. Mvua za Oktoba zilinyesha, za Novemba zikanyesha. Nilitembea vilima polepole, sasa bila mkoba wa vyombo. Nilimwambia Grâce ukweli wote, akanitukana kwa Kiganda, na nikajisikia vizuri kuliko siku zote za mwaka ule. Nilipoulizwa mjini kwa nini nimekonda, nilisema: ini, mafuta, daktari. Mara nyingine walicheka. Mke wa jirani aliniuliza, “Na uji wa mutama, daktari anaukatala?” Nikasema hapana, bila sukari. Jumamosi bakuli likaja.

Lakini kila saa sita mchana, nikifungua sufuria yangu ya kabichi, nilizikumbuka ndizi zile, na nyumba ilionekana kubwa kupita wakati wowote. Krismasi nilikula peke yangu. Hakuna upweke kama wa mtu anayejua mlango uko wapi na asiuendee.

Machi nilirudi kwenye lile benchi. Daktari Neema alipitisha mashine, akapitisha tena. Kisha akageuza kioo. Nyeupe ilikuwa imepungua. Rangi ya majivu ilikuwa inarudi kutoka pembeni, kama mvua inavyoanza kulowesha uwanja.

“Inajenga,” akasema. “Ulikuya na nani leo?”

“Peke yangu.”

“Tena?”

Nilitoka pale, nikapanda gari la Beni na karatasi ile mfukoni.

Nilimkuta Masika upande wa shamba, ameinama, anapanda. Alikuwa peke yake. Hakuinuka.

“Wavukire, Yaya.”

“Wavukire.” Alifukia mbegu tatu, akasonga mbele. “Umekonda.”

“Ni ini, Yaya. Tangu mwaka jana, tangu mbele ya komunyo. Ilijaa mafuta. Docteur alinikataza mawese na pombe. Niliona haya kusema mbele ya batu. Hakukuwa kitu kingine. Hakukuwa kamwe.”

Alinyooka, mkono kiunoni. Kidole chake cha shahada kilikuwa na kovu la kuungua.

“Haya ya nini?”

“Ya tumbo.”

Alinitazama kutoka viatu hadi kichwani. Nilitoa karatasi ya ekografi nikampa. Aliigeuza juu chini, akaishika kwenye jua.

“Na hii ni nini? Diploma ingine?”

“Ni ini langu.”

“Ni mbaya hivi?” Akanirudishia. “Ingia. Jua ni kali.”

Ndani alinipa kiti, akaenda jikoni. Nilisikia kitunguu kikilia kwenye majivu. Ghalani, ambako kwa kawaida magunia ya maharagi hufika kwenye paa, palikuwa na gunia moja tu, tena lenye alama ya duka. Nilielewa kabla hajasema. Septemba ndiyo ya kupanda maharagi ya kuvuna mwisho wa mwaka. Septemba yote alikuwa nyuma ya hospitali ya Butembo, anaangalia ndani ya bakuli kama nimemaliza.

Alileta sahani moja: ndizi, lengalenga, maharagi kidogo. Hapakuwa na tone la mafuta.

“Maharagi si ya kwetu,” akasema. “Mwaka huu tulinunua, kama batu ba muji.”

Aliketi mbele yangu. Kisha nikaona mkono wake unakwenda kwenye kijiko. Hakunitazama. Alikuwa anafanya kama alivyofanya siku ile, taratibu, kwa adabu yote. Alikuwa tayari kujitetea tena nyumbani mwake, mbele ya mtoto aliyemlea.

Niliwahi kijiko. Nilijaza, nikakitia mdomoni chote, na ndizi zilikuwa zimetoka motoni sasa hivi. Machozi yalinitoka. Sikuweza kumeza wala kutema. Nilipuliza hewa kama mtambo mbovu.

Masika alinitazama, midomo ikaanza kumcheza, kisha akacheka, kicheko chake cha zamani cha kushika kifua.

“Myaka yote ile ya masomo,” akasema, “na hapana kujua kupulizia chakula!”

Akachukua kijiko mkononi mwangu, akapuliza, akala wa pili, baada yangu.